Dada kakatwa matiti yote mawili na hakuwa mgonjwa, sasa kila usiku analia

BintiWete: Asalaam aleykum jamani. Mama yetu kafariki kwa saratani ya titi, mamkubwa naye ya vifuko vya mayai. Dada anaishi Uingereza, kule wakampima damu wakamkuta na jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, ya kurithi, wakamwambia kwa jeni hiyo uwezekano wa saratani ya titi unapita asilimia 60, akakubali kukatwa kabla haijaingia. Kaja Pemba kupumzika, mchana anacheka na watu usiku namskia analia, na wanaokuja kumtizama wanamwambia ulikuwa mzima ukajikata mwenyewe, ndo anazidi kujifungia. Mie nlidhani atafurahi khofu imeondoka. Ni kawaida hii? Na mie sijapima, naogopa.

MamaNassor: Waaleykum salaam mdogo wangu. Mie nlifanyiwa India. Ile khofu ya kila nkigusa kivimbe moyo unanidunda imeondoka khaswa, sijuti, lakini nlilia sana na kila nliyemwambia jawabu yake shukuru Mungu, basi nkanyamaza. Hakuna aliyenambia kifua kitakufa ganzi, mwanangu akinilalia nakiona kichwa chake kwa macho tu, sikihisi. Na kuvua nguo mbele ya mume ilinichukua muda, maskini hajasema neno baya hata moja. Muache alie, kaa nae, na hao wageni wa maneno hayo wazuieni mlangoni.

NesiMjini: Kawaida kabisa, wengi wasiwasi wa saratani unapungua lakini namna wanavouona mwili wao na mambo ya chumbani vinaathirika, wengine muda mrefu. Muulize pia kama katolewa vifuko vya mayai, wenye BRCA1 hushauriwa kuvitoa baina ya miaka 35 na 40, na vikitoka hedhi inakatika papo hapo, linakuja joto la ghafla, usingizi unapotea, huzuni juu yake. Hapo homoni nazo zimo, azungumze na daktari. Akikataa kula au akisema heri afe usingoje, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wewe nafasi ya kuwa na jeni hiyo ni nusu kwa nusu, zungumza na mtaalamu kabla ya kipimo ujue utafanya nini na jawabu. Waambie na kaka zenu, wanaume wanairithi na wanairithisha.

BintiWete: Nimemuuliza sasa hivi, kumbe na vifuko katolewa pamoja, na hilo joto analo, ndo maana usiku anatoka kukaa barazani. Hakutaka kutwambia kwa sababu hajazaa. Kesho tunampigia daktari wake.

MamaNassor: Basi hapo kuna msiba mwengine ndani yake. Mpe salamu zangu, na akitaka kuzungumza na mie niandikie faragha ntampigia.