Uliyefanya fildi ofisi ndogo ya matangazo Arusha au Moshi: nini kilikufundisha kazi? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaanza fildi wiki ijayo kwenye ofisi ya matangazo ya watu wanne tu, pale Kaloleni, Arusha. Aliniuliza ajiandae vipi, nikajikuta naongea naye mpaka saa sita usiku. Naomba na nyie mliopita njia hiyo mmwage ya kwenu hapa, asome.

Mimi nilikuwa Moshi, chumba kimoja juu ya duka la vipuri: dada mkurugenzi, mbunifu mmoja na mimi. Mwanzoni mwa Desemba nikapewa tangazo la redio la mama anayeuza sare za shule Mbuyuni, lirushwe baada ya Krismasi, wazazi wakiwa wanajiandaa na Januari. Nikaandika "sare za kisasa zenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu." Dada alisoma, hakunikemea. Akaniambia: nenda kakae na mama dukani siku nzima, tangazo liache, andika wazazi wanauliza nini.

Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani tangu asubuhi. Hakuna mzazi hata mmoja aliyetaja ubora. Waliuliza: inachuja? Ina pindo? Mtoto akirefuka katikati ya mwaka, inashushika? Na mama yule alikuwa anaacha pindo la vidole vinne kwenye kila sketi na kila suruali, miaka yote, na hajawahi kulitangaza kwa sababu watu wa matangazo hawakuwahi kumuuliza. Tangazo likawa: "Sare ya kwetu ina pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, shusha." Mengine yote yalifuata hapo.

Halafu dada akanisimamisha nisome kwa sauti huku anahesabu muda kwenye simu. Sekunde 30 za Kiswahili kinachosomwa kwa utulivu zilibeba maneno kama sitini. Mimi nilikuwa na zaidi ya tisini. Nilikata neno mojamoja mpaka jioni, na kila nilipokata, pindo lilizidi kusikika. Mpaka leo siandiki tangazo kabla sijakaa dukani. Karibuni.

#2
Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nilikuwa Arusha, ofisi ipo karibu na Mnara wa Saa, wateja wetu wengi ni wa utalii. Nikapewa kipeperushi cha kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro. Nikatafuta picha mtandaoni, nikapata moja nzuri kweli: tembo mbele, theluji nyuma. Nikaipanga, nikajivunia.

Mteja alikuja na mzee mmoja mwongoza wageni aliyestaafu. Mzee akaitazama karatasi, akasema, "Kijana, hapa umesimama Kenya." Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye Mawenzi, kile kilele kidogo. Kwenye picha ilikuwa kushoto kwa Kibo, kilele kikubwa. Ukiwa Moshi unautazama mlima, Mawenzi iko kulia. Ile picha ilipigwa upande wa Amboseli. Mgeni tunayetaka aje Tanzania tulikuwa tunamwonyesha mlima kutokea kwa jirani.

Hakuishia hapo. Kwenye ukurasa wa njia ya Marangu nilikuwa nimeweka mahema. Marangu wanalala kwenye vibanda vya mbao. Mahema ni Machame na njia nyingine. Bahati nzuri kilikuwa bado hakijaenda mashineni. Nilimwamkia yule mzee tena siku aliporudi, nikamwomba anifundishe mlima, na alinipa Jumamosi mbili nzima. Picha zilizotumika mwishowe tulizipata kwa waongozaji wenyewe, na ruhusa yao. Dogo akifika ofisini, ajue anachokitangaza kabla ya kujua programu.

#3
Rangi. Kamati ya harusi ilituletea kitambaa cha zambarau, wanataka bango la ukumbini lifanane nacho. Kwenye skrini nililinganisha vizuri kabisa. Fleksi, yaani lile bango lililochapwa, ilipotoka ilikuwa karibu na bluu. Skrini inatoa rangi kwa mwanga, mashine inachanganya wino wa rangi nne, na zambarau ndiyo inayoumbua. Tulichapa upya kwa gharama ya ofisi. Kuanzia siku ile natoa kwanza kipande cha sampuli, nakiweka juu ya kitambaa, juani.

#4
Mimi nilipimisha eneo la bango barabara kuu ya Moshi–Arusha. Mwenye shamba amekubali, mkataba umesainiwa, nguzo zimesimama. Hatukupima kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kwa barabara kuu, na sisi tulikuwa ndani yake. Ikapigwa X nyekundu, tukang'oa. Dogo abebe futi kamba, na aulizie kibali cha bango kabla ya kumpa mtu hela.

#5
Wengi mmesema kazi, mimi niseme hela, maana ofisi ndogo hufa hapo. Nilitumwa Sakina mara nne kudai laki tatu na nusu za vipeperushi. Kila nikifika mzee mwenye ukumbi ananiambia njoo Ijumaa. Safari ya tatu, nikiwa kwenye kifodi narudi, ndipo nikaambiwa kwa simu kwamba mchapaji alishalipwa taslimu, na hela iliyotumika ilikuwa mshahara wa kaka mbunifu. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Safari ya nne nilimwamkia mzee, nikakaa, nikamweleza hivyo hivyo bila kuongeza chumvi: mzee wangu, hela hii ni mshahara wa aliyekuchorea nembo. Alinyamaza kidogo. Akasema alidhani sisi tunachapa wenyewe na mashine ni yetu. Akatoa laki mbili palepale, iliyobaki akaituma Jumatatu. Hakuwa mtu mbaya. Hatukuwa tumemweleza kazi inavyokwenda.

Leo nina ofisi yangu, watu watatu. Kianzio ni asilimia 70, na kabla ya kuchapa mteja anasaini nakala ya mwisho, jina na namba ya simu akiwa amezisoma mwenyewe kwa sauti. Kila mteja namweleza hela yake inakwenda wapi, na wengi hukubali.

Mwanzisha uzi
Mkuu #5, hapo kwenye kusoma kwa sauti umenigusa. Dogo yuko pembeni yangu anaandika. Anauliza kama mwanafunzi wa fildi anaruhusiwa kumwambia bosi kwamba kazi haijasainiwa.

#5
Mwambie aseme. Mimi nikimwajiri mtu, huyo ndiye namtafuta.