Meza ya barazani: skrubu zipi hazishiki kutu?

Swali: Assalamu alaikum mafundi. Natengeneza meza ya mvule ya barazani hapa Lamu, karibu na bahari. Skrubu za mabati zimeanza kutoa michirizi ya kutu na ubao mmoja umepasuka. Niweke zipi?

Jibu: Waalaikum salaam. Weka stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi), lakini uliza namba ya aina yake: 316 huhimili chumvi kuliko 304. Shaba nyeupe (brasi) ni nzuri kwa macho ila ni laini, kichwa hukatika. Ukiitaka, toboa kwa keekee tundu la milimita 3.5 kwa skrubu ya 5, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho, itoe, ndipo uingize ya shaba iliyopakwa nta. Sabuni ya kulainisha skrubu usiguse, huvuta unyevu.

Jibu: Ule ufa si wa kutu. Ubao hutanuka kwa upana masika, kaskazi ukanywea. Ukiubana pande zote hauna pa kwenda. Kaza skrubu ya katikati tu. Za pembeni, tundu za papi (vipande vya mbao vya chini vinavyoshika ubao) zifanye ndefu na utie washa, kile kisahani cha chini ya kichwa cha skrubu.

Swali: Na gundi?

Jibu: Nyeupe ya kawaida huachia ikilowa. Tumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), baada ya kupangusa mvule kwa asetoni, kiyeyushi cha kuondoa mafuta.