MREJESHO: Yule mwigizaji wa Mwanza aliyeuliza kuhusu kujiunga na chama

Wakuu, niliahidi mrejesho. Kwa waliosahau: niliuliza mwigizaji wa huku Kirumba atanufaika na nini akijiunga na chama cha waigizaji, maana nilikuwa nimecheza tamthilia siku tisa nikaishia kupewa nauli na sahani ya wali na sato.

Nimejiunga. Kabla ya hapo nilikuwa nachanganya mambo: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni baraza la serikali, linasajili wasanii, chama ni chetu wenyewe. Aliyenifungua macho ni afisa utamaduni wa halmashauri, mama mmoja mpole kweli, na hakunitoza hata senti. (Kumbe ofisi yake naipita kila siku na daladala!)

Kadi haijaniletea kazi, tusidanganyane. Ila katibu wetu aliomba nimwonyeshe mkataba wa kazi mpya. Karatasi moja, imekunjwa mara nne, ina harufu ya dagaa kwa sababu nilisainishwa palepale soko la samaki la Mwaloni tulikopanga kurekodi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Mwigizaji anaachia haki zote." Akaniuliza, "Mdogo wangu, hii uliisoma?" Sikuwa nimeisoma. Akanieleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua hata mwigizaji, si mtunzi peke yake.

Prodyuza alinuna, lakini mstari umefutwa na nusu ya malipo nimepata kabla ya kamera kuwashwa. Zile siku tisa za mwanzo bado nadai. Prodyuza wa tamthilia ile simu hapokei.