Bangkok usiku: natembea na pasipoti yenyewe au fotokopi inatosha?

Kijana_wa_Sombetini

Wakuu habari zenu. Mwezi wa tisa naenda Bangkok na bosi wangu kwenye yale maonyesho ya vito, tunapeleka tanzanite na spinel kidogo za Mahenge, viza tumeshaomba mtandaoni na kadi ya homa ya manjano ninayo. Mchana sina presha kabisa maana tutashinda Silom, mtaa wa madalali wa vito, lobi hotelini, basi. Shida yangu ni usiku, sitaki kuwadanganya, kazi ikiisha nataka nione mji, siwezi kwenda mpaka kule nikalala saa tatu kama niko bwenini.

Sasa kuna jamaa mmoja hapa mtaani alishawahi kuishi huko ananitisha, anasema polisi wanasimamisha wageni barabarani usiku hasa sisi weusi, wanataka pasipoti, wanakupekua mifuko na wengine wanakojoleshwa kwenye kikopo palepale kupimwa unga. Bosi naye anasema pasipoti hainitoki kwenye sefu ya hoteli mpaka siku ya kurudi. Nimsikilize nani? Fotokopi inakubalika? Na mlangoni klabu wanadai nini? Naombeni majibu ya waliofika, sio ya waliosoma tu.

Mzee_wa_Green_Tommy

Mdogo wangu jamaa yako hajakudanganya ila kachanganya miaka. Hayo ya mikojo yalishika moto sana 2014 pale barabara ya Sukhumvit, kipande cha Asok kwenda Phrom Phong mpaka Thonglor, walikuwa wanasimamisha teksi na watembea kwa miguu, wazungu wakalalamika mpaka mabalozi wao wakaingilia, ndio ikapoa. Kupoa sio kuisha. Mpaka leo ukikuta wameweka meza na taa barabarani usiku, unashuka, unamulikwa tochi usoni, unaulizwa pasipoti.

Kisheria mgeni anatakiwa aweze kuonyesha pasipoti, hapo hakuna mjadala. Kiutendaji askari wengi wa barabarani wanapokea kopi, LAKINI kopi ya nini? Watu wanatoa kopi ya ukurasa wenye picha wanadhani wamemaliza. Askari wala hana shida na sura yako, anatafuta muhuri wa kuingia na tarehe uliyoruhusiwa kukaa mpaka lini. Kuna mwenzetu wa Mirerani alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya barabara saa nzima na kitu, kopi anayo nzuri tu imepigwa lamineshen, ila muhuri haumo, ikabidi mtu wa hotelini atume picha ya ukurasa ule kwa LINE, ile app yao ya meseji, ndio wakamwachia. Kwa hiyo ukishatoka eapoti tu, piga picha ukurasa wa muhuri, toa kopi ya zote mbili na viza, kaa nazo.

Na ile fomu ya kuingilia siku hizi inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, imeanza Mei 2025, ni BURE, ukiona tovuti inakudai dola ujue umeingia kwa matapeli.

MamaPratunam

Mimi naenda kuchukua nguo Pratunam na Bobae, usiku nako natoka, nani kasema mama wa watoto haendi kula bata. Namuunga mkono bosi wako na nitakwambia kwa nini. Wewe ni Mtanzania, Bangkok HATUNA ubalozi, wa kwetu unaohudumia Thailand uko Kuala Lumpur. Mzungu akiibiwa pasipoti Khao San asubuhi anapanda bajaji anaenda ubalozini kwake anapewa karatasi ya kusafiria. Wewe unaanza polisi kuchukua ripoti, unaanza simu za Malaysia, huku siku za viza zinakwenda na ndege imeshakuacha. Zikipita siku ni baht (hela yao) 500 kila siku, inaishia 20,000, na hiyo ni kama umejipeleka mwenyewe eapoti, ukikamatwa mtaani zimepita ni habari nyingine kabisa.

Halafu hoteli ikishakuandikisha inatakiwa ipeleke taarifa zako uhamiaji ndani ya saa 24, kwa hiyo unajulikana ulipo. Chukua kadi ya hoteli yenye jina na namba ya simu kwa Kithai, weka pamoja na kopi. Askari akipiga pale risepshen mambo yanaisha. Ila usilale kwenye vichumba vya mtu binafsi vya bei chee ambavyo havikuandikishi, hapo hata ukiwa na pasipoti mkononi utaulizwa maswali.

Msee_wa_Rongai

Mama nakuheshimu lakini hapo kwa kuacha pasi kwa sefu mimi sikubali. Sisi Wakenya ubalozi tuko nao Bangkok na bado nikiwa huko natembea na original, sababu sio sheria, sababu ni rangi. Mnasahau 2018? Kulikuwa na oparesheni inaitwa X-Ray Outlaw Foreigner, yule mkubwa wao Surachate Hakparn wanayemwita Big Joke alikuwa kwa polisi wa utalii halafu akawa bosi wa uhamiaji, msako baada ya msako, kamera nyuma, na aliyekuwa analengwa sana ni mtu mweusi, ati ndio wanafanya utapeli wa mapenzi kwa mtandao. Kweli kuna wasee walikuwa wanafanya hiyo kazi, lakini wewe umekaa Nana, ule mtaa wa Sukhumvit wenye wageni wengi, unakula wali wako makarao wanaingia wanapita meza ya wazungu kama hawaioni wanakuja kwako. Na huyo Big Joke mwenyewe 2024 alitolewa kwa polisi juu ya tuhuma za pesa za kamari, dunia hii.

Point yangu ni hivi, siku ya msako kama ile kopi haikusaidii. Wanabeba watu wote halafu wanachambua mbele. Nani anataka kulala pale Suan Phlu kwa jela ya uhamiaji akingoja mtu wa hoteli aamke? Original unatoa, wanaangalia muhuri, unaenda zako.

chizi_wa_kinyerezi

Solution rahisi: kunywa maji ulale 😂😂 umeenda kuuza mawe au kutafuta mademu wewe?

Mzee_wa_Green_Tommy

@chizi mwache kijana, na wewe ungekuwa na viza usingelala.

@Msee hoja yako naielewa, na kwa eneo la Nana niko na wewe. Soi 3 pale, ule uchochoro wa Waarabu wenye vyakula vya halali na Waafrika wengi, ndio pa kwanza kufikiwa kukiwa na msako, hata kama umefuata biriani tu. Ukikaa Silom au upande wa mtoni unaweza kumaliza safari nzima hujaulizwa chochote.

Klabu sasa. Umri wa kuingia kule ni 20 sio 18, na zile klabu kubwa za mitaa ya starehe ya RCA na Thonglor mlangoni wanaangalia kitambulisho hata kama una kipara, kwa sababu polisi wakiingia wakakuta mtoto wanafungiwa. Wengine picha ya simu wanakubali, wengine hawataki kusikia. Kupiga simu mchana kuuliza hakugharimu kitu. Baa za kawaida hawana habari na wewe. Tangu Desemba 2023 sehemu kadhaa za Bangkok wanaruhusiwa mpaka saa kumi alfajiri, zamani ilikuwa mwisho saa nane, kwa hiyo watu wanatoka wamelewa muda ambao barabara ni nyeupe na meza ya polisi unaiona kutoka mbali. Rudi na gari la Grab, lile la kuita kwa app, sio kwa miguu.

Kijana_wa_Sombetini

Asanteni sana wakuu. Swali la nyongeza, ikitokea askari anataka kitu kidogo? Kwetu hapa naijua lugha yake, kule sijui. Na mimi natumia vepu, sigara ya umeme, nayo wanaisumbua?

Mzee_wa_Green_Tommy

VEPU ACHA ARUSHA. Narudia, acha Arusha. Thailand wamepiga marufuku kuziingiza tangu 2014, shisha pia imo, utaiona Soi 3 inafuka kila meza, usidanganyike, hata kwetu ilikatazwa 2016 na watu waliendelea kuvuta. Hiyo vepu ndio mlango wa rushwa wenyewe. Januari 2023 kuna muigizaji wa Taiwan, Charlene An, alisimamishwa usiku kwenye kizuizi pale Ratchadaphisek akiwa na wenzake, wakakutwa na vepu, wakazungushwa mpaka wakatoa baht 27,000. Alivyorudi kwao akaandika mtandaoni, polisi kwanza wakakana, mwisho wakakubali kwamba hela ilichukuliwa na askari wakachukuliwa hatua. Huyo ni mtu maarufu mwenye mashabiki. Wewe nani atakuandikia?

Ukiombwa hela usibishane kwa sauti, kule mtu anayepaza sauti ndio mkosaji hata akiwa na haki. Tabasamu, sema unaomba kulipia kituoni upewe risiti, na useme unapiga 1155, hiyo ni namba ya polisi wa utalii na wanaongea Kiingereza. Mara nyingi hapo hamu inamuisha. Na usitupe kichungi cha sigara chini kuzunguka Asok, bango linasema faini mpaka 2,000 na kuna watu wameajiriwa kukuangalia wewe mgeni tu, Mthai anatupa na haguswi.

MamaPratunam

Mdogo wangu kama utamsikiliza huyo Msee ukabeba yenyewe, basi isikae mfuko wa nyuma wala kwenye begi la mgongoni. Mimi siku nikilazimika nashonea kimfuko ndani ya sketi, wewe nunua ule mkanda wa kuvaa chini ya shati. Na usiiache rehani popote, sio kwa mwenye pikipiki ya kukodi, sio kwa baa eti mpaka ulipe bili. Bosi akikataa kukupa mkumbushe pasipoti ni yako, sefu ni ya hoteli.

Kijana_wa_Sombetini

Nimewaelewa. Silom na kopi mbili zenye muhuri, siku ya RCA nabeba yenyewe kwenye mkanda, Nana naenda kula mchana. Vepu nampa shemeji.

Msee_wa_Rongai

Sawa kaka. Sasa hizo spinel za Mahenge, ile ya pinki kali inayowaka, bosi anauza karati pesa ngapi? Nitumie PM kabla hamjaipeleka kwa Wathai.