Mrejesho: Maumbo sita ya nomino za Kirusi yameanza kuniingia

Wakuu, niliuliza namna ya kukariri jedwali la maumbo sita ya nomino za Kirusi, yaani jinsi mwisho wa nomino unavyobadilika kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Aliyenishauri niliweke kando nianze na umbo moja ndani ya sentensi, Mungu ambariki.

Nilianza na la mtendwa. "Kniga" ni kitabu. Ukikisoma ni "chitayu knigu". Hata ukipindua mpangilio, "knigu chitayet Anna", msomaji bado ni Anna, kwa sababu ile -u imeshaonyesha kinachosomwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Warusi wanahamisha maneno watakavyo bila kupotezana.

Kisha mahali. Sisi "niko shuleni" na "naenda shuleni" ni shuleni ileile. Wao ukiwa pale ni "v shkole", ukienda ni "v shkolu".

Wanaoanza, shikeni vipande vizima. "Chay s molokom bez sakhara", chai ya maziwa bila sukari, ina maumbo mawili tayari: -om baada ya "s", -a baada ya "bez".

Kilichobaki kunitesa ni namba: vitabu viwili ni "dve knigi", lakini vitano ni "pyat knig". Mwenye mazoezi mazuri ya 5 hadi 20 anisaidie, tafadhali.