Miliki bunifu kwa mwanasheria kijana, kazi zipo au nihamie kesi za kawaida?

Swali
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nimemaliza sheria mwaka jana na kilichonikaa moyoni toka chuo ni miliki bunifu, yaani alama za biashara, hakimiliki, hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) na mambo yake. Sasa kila mkubwa ninayemuuliza ananiambia nishike kesi za ardhi na mirathi ndo zinalisha, wengine wanasema bila digrii ya sayansi sina changu huko. Miezi sita natuma maombi, kimya. Ning'ang'ane au niache?

Jibu 1
Usiache mdogo wangu. Hilo la sayansi ni la hataza, mfano mtihani wa mawakala wa hataza wa Ulaya unataka uwe na msingi wa sayansi au uhandisi. Alama, hakimiliki, leseni, siri za biashara, huko hakuna anayekuuliza fizikia. Na usisubiri tangazo limeandikwa "wakili wa miliki bunifu", ni machache mno, kazi yenyewe imejificha kwenye mikataba ya kampuni za programu, wachapishaji, vyuo vyenye watafiti.

Juzi kaja mteja anauza nguo, anataka nembo isajiliwe haraka. Nikamuuliza nani kachora, akasema kuna kijana alimlipa. Karatasi? Hakuna. Na nchi nyingi kumlipa mchoraji peke yake hakukupi hakimiliki mpaka asaini kukuhamishia, basi tukamtafuta kijana wa watu akasaini ukurasa mmoja, ndo tukajaza fomu ya alama, kundi la 25 la nguo na la 35 la duka. Ukiweza kuuliza swali hilo kabla ya fomu, wateja watakutafuta wenyewe.

Jibu 2
Nakubaliana na kaka hapo juu ila asikufiche, kazi za kuanzia zinapungua. Upekuzi wa alama, yaani kuangalia kama inayofanana imeshasajiliwa, waliokuwa wanapewa vijana sa hivi akili mnemba inafanya sehemu kubwa. Kinachobaki ni kuamua, na kutunza makataa. Mkataba wa Paris unampa mteja miezi 12 ya kipaumbele kwa hataza na 6 kwa alama, yaani akishawasilisha nchi moja, akiwasilisha nyingine ndani ya muda huo anahesabiwa tarehe ile ya kwanza. Nilipoanzia kazi tulipitisha siku ya mteja mmoja na mshindani alikuwa ameshawasilisha katikati, sura ya yule mama sijaisahau mpaka leo. Jifunze kuhesabu tarehe mpaka usingizini. Alafu WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, wana kozi ya msingi ya bure mtandaoni, DL-101, imalize kabla hujatuma barua nyingine.

Muuliza swali
Asanteni sana, nimepata nguvu. Nna marafiki watatu wametengeneza programu ya simu na hawajaandikiana chochote, naweza kuanza nao?

Jibu 1
Anza nao leo leo. Na cha kwanza uliza nani hasa kaiandika, na wakati anaiandika alikuwa ameajiriwa na nani.