Ellington na Coltrane, 1962: nani alimfunga nani breki?

Mzee wa Santuri: Nauliza wenye masikio. Ile albamu ya jazi ya mpiga piano Duke Ellington na mpuliza saksafoni John Coltrane, waliyorekodi Septemba 26, 1962 studio ya Van Gelder, New Jersey. Watu wanaisifia mpaka basi. Mimi namsikia Coltrane aliyefungwa breki. Mwaka uliotangulia alikuwa klabu ya Village Vanguard, New York, anapasua anga, hapa anapuliza kama kijana aliyekaribishwa chai kwa wakwe. Kosa la Duke, au Impulse, kampuni ya santuri, walitaka mauzo?

Kinanda Kimoja: Mgeni ni mzee Duke, mkuu. Ana miaka 63, okestra kaiacha nyumbani, nyuma yake wapo Elvin Jones kwenye drams na Jimmy Garrison kwenye besi, vijana wa Coltrane.

Sikio la Kushoto: Siyo nyimbo zote. Duke alikuja na Aaron Bell kwenye besi na Sam Woodyard kwenye drams, wakawa wanapokezana. "In a Sentimental Mood" ni Bell na Elvin. Someni jalada kwanza.

Mtoto wa Ilala: Mnalilia mdomo wa bata wa Marekani, bendi yetu ya Western Jazz mmeisahau. Jazi tulikuwa nayo Dar, Morogoro na Tabora, tena ya kucheza, siyo ya kukaa unatikisa kichwa kama mjusi.

Sikio la Kushoto: Hapo umechemsha. Ile ilikuwa dansi. Jazi ni jina tu. Hata OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo, ilikuwa rumba.

Mtoto wa Ilala: Jina tu? Babu yangu alikuwa anafunga tai kwenda kuwasikiliza Morogoro Jazz. Alikuwa anasikiliza jina?

Kinanda Kimoja: Babu yako hajatajwa na mtu hapa.

Binti Pangani: Katajwa. "Jina tu" ni dharau. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, huyo Coltrane wenu bado anavaa kaptura ya shule. Nani kawapa hatimiliki ya neno?

Sikio la Kushoto: Neno chukueni. Ila usiniletee magitaa matatu na tumba ukaniambia ni ndugu yake Elvin Jones.

Mtoto wa Ilala: 1958 Coltrane na mpiga tarumbeta Wilbur Harden walirekodi "Tanganyika Strut". Nani alikuwa anamtafuta ndugu mwenzake?

Sikio la Kushoto: Aisee, mle ndani hakuna Tanganyika yoyote. Ni jina tu.

Mtoto wa Ilala: Ahaa! Kumbe na nyie mnayo ya jina tu.

Mzee wa Santuri: Jamani, swali langu.

Binti Pangani: Mzee wangu, shikamoo. Rudia mwanzo wa "In a Sentimental Mood". Duke anadondosha noti zilezile chache, tone kwa tone, kama bomba linalovuja usiku, halafu Coltrane anaingia taratibu. Breki iko wapi? Mwaka 1954 alikuwa bendi ya Johnny Hodges, mpuliza alto wa Duke mwenyewe. Nyumba ile anajua mlango wake.

Kinanda Kimoja: Na "Big Nick" ni utunzi wa Coltrane. Mwenye breki haleti wimbo wake kwa wakwe.

Mzee wa Santuri: Marahaba. Hayo ya Hodges tutayarudia. Bomba linalovuja? Duke Ellington, binti? Bomba?